Kidole cha Immakulata

Kifuniko cha kopo la sukari kilikuwa na tabia ya kulia. Ukikifungua polepole kinalia, ukikifungua kwa haraka kinalia zaidi. Felicitas alikisikia kabla jogoo wa jirani hajawika, akafumbua macho gizani bila kujisogeza. Akasikia kijiko kikichota. Akasikia karatasi ikikunjwa. Kisha mlango wa nyuma, kisha pikipiki ikisukumwa juu ya kokoto mpaka barabarani, maana Datius hakupenda kuiwasha pale uani akaamsha watu wa mtaa wa Bilele.

Majirani anawaonea huruma, Felicitas akawaza. Mke wake je?

Sukari ile alikuwa ameipangia foleni yeye mwenyewe kwenye duka la ushirika, jua likimchoma utosini. Ulikuwa mwaka wa sabini na nne, sukari inaonekana kama mgeni na kuondoka kama mgeni. Na kila Jumamosi Daktari Datius Byabato alichota kidogo, akakunja kwenye karatasi, akaenda nayo Muleba. Hakusema anampelekea nani. Felicitas naye hakuuliza, kwa sababu aliogopa jibu.

Watu wa Bukoba walijivunia Datius. Alisoma Makerere, akasoma Uingereza, akarudi na elimu ambayo wengi hawakuweza hata kulitamka jina lake. Alitaka kujua kwa nini mtoto anazaliwa na tundu moyoni, kwenye ule ukuta unaotenganisha chumba na chumba, na kwa nini nyumba nyingine inazaa watoto wawili au watatu wa namna hiyo wakati jirani hana hata mmoja. Siku za kazi alitibu watu hospitalini. Siku za mapumziko alizunguka vijijini kuuliza nani alimzaa nani. Jioni alitandaza mezani kalenda za zamani, akageuza upande mweupe, akachora. Wanaume walikuwa miraba, wanawake miduara, na mistari ikiwaunganisha. Wagonjwa aliwapaka wino wote mpaka wakawa weusi.

Profesa wake wa Uingereza alikuwa akimngojea amalize, amwite tena huko kwa miaka miwili, safari hii pamoja na mkewe. Datius alisema bado, kuna ukoo mmoja haujakaa sawa. Felicitas alianza kuionea wivu miraba ile na miduara ile zamani sana, kabla hajapata mwanamke wa kumwonea wivu. Mume wake aliyajua majina ya bibi za watu wote wa mkoa wa Ziwa Magharibi, na jina la mtoto wao mwenyewe halikutajwa nyumbani.

Mtoto huyo aliitwa Klaudia. Alizaliwa Nshambya kwa mama mkwe wakati Datius yuko Uingereza, na akafa kabla hajaota jino. Baba yake hakumwona, na mama mkwe alisema kosa ni la tumbo la Felicitas.

*

Bombani Felicitas alimkuta Mastura, mke wa Muharami fundi cherehani, ameketi juu ya ndoo yake kama yuko barazani.

"Mama Klaudia, umeamkaje?"

Mtaa mzima ulimwita mke wa daktari. Mastura peke yake aliendelea kumwita kwa jina la mtoto wake, hakuacha hata mara moja, na kwa ajili hiyo Felicitas alimsamehe mengi.

"Nimeamka salama."

"Bwana kaenda shamba?"

"Kaenda kazini."

"Kazini, Jumamosi!" Mastura akacheka. "Shemeji yangu Omary anayeendesha basi la Muleba anasema kila Jumamosi anaiona pikipiki ya daktari Ijumbi. Imeegemezwa kwenye mgomba, nyumba ya mjane mmoja. Inashinda pale."

"Mjane gani?"

"Mimi sijamwona. Omary anasema ni mzuri. Na Omary hasifu mtu, hata mke wake hamsifu."

"Daktari anakwenda kwa wagonjwa."

"Ndiyo, shoga. Wagonjwa." Mastura akasimama, akamtwisha Felicitas ndoo yake, akamfutia maji yaliyomwagikia shavuni kwa ncha ya kanga. "Ningekuwa mimi, nauli ningeitafuta. Nisingekaa kungoja kusimuliwa."

*

Jumatatu Datius alipokwenda hospitalini, Felicitas alichukua mwavuli akapanda basi. Njia nzima alipanga maneno. Aliteremka, akaingia Ijumbi kwa miguu akiuliza nyumba ya mjane, na watu wakamwelekeza kwa upole, mwanamke mmoja akaacha jembe lake akamsindikiza mpaka kwenye ua.

Mjane huyo, Jovitha, alikuwa anaanika kahawa, mtoto mchanga mgongoni. Ni kweli alikuwa mzuri, na uzuri wake haukuwa na habari na wewe. Hakumjua mgeni, lakini alimwona ana vumbi.

"Karibu, waitu. Umetoka mbali."

Akatandika nyasi mpya ndani, juu yake mkeka. Akamletea maji ya miguu, kisha buni za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Felicitas alikuwa amejiandaa kwa ukali, wala hakuna aliyemwambia ajiandae kwa ukarimu. Akakaa.

"Immakulata! Mletee mgeni chai."

Akaja msichana wa miaka kama saba, mwembamba, anatembea kama mtu aliyebeba kitu kinachoweza kumwagika hata pale ambapo hakubeba kitu. Chai ilikuwa na sukari.

"Siku hizi kila mahali sukari hakuna," Felicitas alisema.

"Sisi tunaletewa na daktari wa Bukoba. Mungu ambariki. Anasema mtoto anywe uji wenye sukari apate nguvu."

Basi Felicitas akamaliza kumeza kile kilichokuwa kinywani, sukari yake mwenyewe, ya foleni yake mwenyewe. Mtoto akanyoosha mkono kupokea kikombe, na hapo ndipo Felicitas alipokiona kidole. Kidole gumba cha mkono wa kushoto hakikuwa gumba. Kilikuwa kirefu na chembamba kama vingine, kimekaa sambamba navyo, hivyo mtoto alikishika kikombe kwa kukibana katikati ya vidole viwili. Felicitas aliujua ushikaji huo. Aliuona kila asubuhi mezani kwake. Duniani alimjua mtu mmoja tu aliyeshika kikombe hivyo.

"Huyu mtoto wa nani?"

"Wa marehemu mume wangu, Lwakatare."

"Na kidole ni cha nani?"

Jovitha akatabasamu, hakuelewa. "Cha kwake."

"Mimi ndiye mke wa daktari."

Jovitha akapiga magoti palepale, uso umejaa furaha. "Mama! Mbona hukusema? Nikuchinjie kuku!" Na furaha ile ndiyo iliyomwasha Felicitas, kwa sababu aliona kama anachekwa.

"Inuka. Unanipigia magoti, unaninywesha sukari yangu, na mtoto wa mume wangu ndiye unayemtuma kikombe? Nilidhani umemzalia kwa siri. Kumbe ni hadharani!"

Majirani wakaanza kusogea ng'ambo ya ua. Jovitha aliinuka taratibu.

"Mama, mume wangu alianguka kwenye mibuni ile pale, akafa kabla hatujamfikisha nyumbani. Hata mwaka haujaisha. Unanitukana kaburi lake likisikia."

"Muulize yeye hicho kidole alikipata wapi!"

Felicitas akainua mkono kwenye kibao cha ukutani, akaichukua karatasi yake ya sukari, ile iliyobaki, akatoka. Hakuna aliyemzuia.

Alikuwa amekwishafika kwenye migomba ya mwisho aliposikia vishindo vidogo nyuma. Immakulata alikuwa anamkimbilia na mwavuli aliousahau. Mtoto alimpa mwavuli, akataka kusema neno, pumzi ikakataa. Akachuchumaa njiani. Jasho lilimtoka juu ya mdomo na kwenye paji la uso, na mbavu zikawa zinaingia na kutoka, zinaingia na kutoka. Felicitas alikuwa amekwisha kuona jasho la namna hiyo, kwa mtoto aliyechoka kwa kunyonya tu. Alijua. Moyo wake ulijua kabisa. Lakini wivu ulikuwa umesimama mbele, na aliuchukua mwavuli akaenda zake.

*

Jioni Datius alikaa mezani bila kutandaza kalenda zake.

"Ulikwenda Ijumbi."

"Nilikwenda."

"Jovitha ametuma salamu kwa Omary. Anasema mtoto haji tena."

"Haji wapi?"

"Hapa. Nilimwombea nafasi ya kupasuliwa Nairobi. Ikapatikana. Meli ya Alhamisi mpaka Kisumu, halafu treni. Nilitaka alale hapa kwetu kwanza, nimsikilize kifua kabla ya safari. Daktari mpasuaji anarudi kwao Ulaya mwisho wa mwezi, na baada yake sijui kama atakuja mwingine."

"Na ulikuwa unangoja nini kuniambia? Alale kwanza kitandani kwangu?"

"Feli, Immakulata si mtoto wangu. Ila ni damu yangu."

"Unajisikia unavyosema?"

"Najisikia. Ndiyo maana nilinyamaza." Akauweka mkono wake wa kushoto mezani, chini ya taa. "Mama yangu, Mae, aliniambia nilianguka kwenye moto nikiwa mdogo, kidole kikaungua kikaota hivi. Tafuta kovu."

Felicitas alikuwa ameushika mkono huo tangu uchumba. Akautazama sasa kama mkono wa mgeni. Kovu halikuwepo.

"Kidole hiki na tundu la moyo vinakwenda pamoja," Datius akasema. "Mzazi akiwa navyo, kila mtoto wake ni kama kurusha shilingi. Mwingine anapona, mwingine anavipata. Na hata anayevipata, tundu linaweza kuwa dogo akazeeka nalo, kama mimi, au kubwa. Huko masomoni nilijishuku, nikarudi nikawachunguza Byabato wote, wazee kwa watoto. Hakuna mwenye nacho. Nikasema basi, ni moto, kama alivyosema Mae. Halafu nikaenda Ijumbi nikamwona Lwakatare. Baba yake, mzee Karugendo, alikuwa nacho. Watoto wa Karugendo wamekufa wakiwa wachanga mfululizo. Wote nimewachora, wote wana mahali pao. Mwenye kidole hiki asiye na mahali pa kuchorwa ni mimi peke yangu."

Felicitas akausogeza mkono ule karibu na taa.

"Na Klaudia?"

"Klaudia alikipata kwangu. Si kwako."

"Mikono yake niliifunga vitambaa asijikwaruze," Felicitas alisema, kama anayejisemea. "Sikuvitazama vidole." Kisha akainua uso. "Umejua tangu lini?"

"Tangu mvua za mwaka jana."

"Mvua zimepita, zimekuja nyingine. Na Jumapili zote hizo umeniona naingia kwa mama yako nimeinamisha kichwa, mimi mwenye tumbo bovu, ukanyamaza."

Datius akauondoa mkono wake mezani. Alikuwa mtu mwema, na watu wema nao huogopa.

Usiku huo kilichomuuma Felicitas hakikuwa tena uzuri wa Jovitha. Aliona wivu mwingine, mkubwa zaidi, usio na mtu wa kugombana naye. Mtoto wa Jovitha alikuwa na mtu wa kuweka sikio kifuani pake kila Jumamosi. Wake hakuwa na mtu.

*

Asubuhi walikwenda Nshambya wote wawili. Mama mkwe, Clotilda, alikuwa anamenya ndizi mlangoni. Aliwatazama, akajua si salamu tu.

"Mae," Datius alisema, "baba yangu ni nani?"

"Byabato. Umesahau?"

"Nauliza damu."

"Damu!" Kizee akaweka kisu chini. "Miaka yote hii unakuja na kalamu yako, unauliza baba, nakujibu baba. Damu hukuniuliza hata siku moja."

"Nauliza leo."

Clotilda akafuta utomvu wa ndizi mikononi, hana haraka. "Nilipomzaa dada yako, aliyelala nami wa kwanza baada ya uzazi ni Byabato. Hiyo ndiyo bisisi. Anayefuata kuzaliwa ni wake, hata akitoka kwa mtu gani. Ndivyo ilivyokuwa, kabla serikali haijatufutia. Ndipo Wazungu wakamchukua Byabato vitani. Vita vikawa virefu. Karugendo wa Ijumbi alikuwa akipita hapa kununua kahawa." Akaokota ganda moja la ndizi, akalitupa. "Byabato aliporudi alikukuta unakimbiza kuku. Akakuinua juu, akakuita jina la Datius, jina alilobatizwa nalo baba yake. Hakuuliza. Kulikuwa na nini cha kuuliza? Ulikuwa wake. Na alikusomesha kwa kahawa yake mpaka mibuni ikazeeka."

Datius alikaa chini, juu ya maganda ya ndizi, na suruali yake ya hospitali. Akaanza kucheka, na kicheko kile kilikaribia kilio.

"Vijiji vyote vile, Mae! Kila bibi niliyemuuliza mtoto huyu baba yake nani…"

"Alikujibu ukweli."

"Basi sijui hata mraba mmoja ulio mahali pake. Nianze upya. Kazi yote."

"Si una miguu?" mama yake akasema, na alisema kwa upole.

Felicitas alikuwa bado amesimama. "Na mimi je, Mae?"

Kizee hakugeuka upande wake haraka. Alipogeuka, alionekana mzee kuliko alivyokuwa anamenya ndizi.

"Watoto wa Karugendo walihema vile. Nilimwona Klaudia anahema, nikajua umetoka wapi ugonjwa. Nilisema ni tumbo lako kwa sababu nilijua si lako. Niliogopa ungemwandikia mume wako huko Ulaya, naye arudi kuniuliza. Nikakutwisha wewe, kwa kuwa ulikuwa hujui kusema hapana."

"Sasa najua."

"Naona."

Felicitas hakumsamehe siku ile, na nisiseme alimsamehe. Lakini alipozunguka nyuma ya nyumba, mahali ambapo hakuwahi kupakanyaga tangu mazishi, alikuta kaburi dogo limefagiwa, nyasi mbichi zimetandazwa juu yake kama kwenye nyumba inayongoja mgeni, na za jana zimewekwa pembeni, na za juzi chini yake, zimekauka. Alisimama pale mpaka Datius akamfuata. Kisha alirudi mlangoni, akapiga magoti akaaga kama inavyompasa mkwe, na Clotilda akaitikia.

*

Jumatano Felicitas alikwenda Ijumbi peke yake. Datius alitaka kumpeleka kwa pikipiki, akakataa. Matusi alikwenda nayo kwa basi, na radhi itakwenda kwa basi.

Jovitha alimwona tangu kwenye migomba, akaendelea kugeuza kahawa. Hakutandika nyasi. Hakuleta buni.

"Umefuata nini, mama? Sukari ulikwisha kuichukua."

Ng'ambo ya ua mtu alicheka. Felicitas akapiga magoti kwenye vumbi, mbele ya kahawa, mahali ambapo majirani waliosikia matusi wangeweza kuona.

"Nilikutukana nyumbani kwako baada ya kunitandikia. Mtoto wako alinikimbilia na mwavuli, nikamwacha njiani anahema. Nimekuja kwa hayo."

Felicitas akamweleza yote, Karugendo, vita, bisisi, kidole. Alieleza na habari ya Klaudia, jasho lake na pumzi zake, na hakuwa amezieleza kwa mtu mwingine.

"Kumbe Lwakatare alikuwa na ndugu," Jovitha alisema mwishoni, polepole. "Alikuwa akisema amebaki peke yake kama mgomba usio na chipukizi. Daktari alipomshika mkono mara ya kwanza walilinganisha vidole, wakacheka kama watoto. Nikawaza, hawa wanacheka nini." Akajifuta pua kwa mkono. "Inuka, mama. Watu wanatazama."

"Watazame. Jumatatu pia walitazama."

Hapo Jovitha akaingia ndani, akatoka na mkeka.

Jovitha mwenyewe hakuweza kwenda Nairobi. Mchanga alikuwa bado ananyonya, na nafasi ya msindikizaji ilikuwa moja. Datius angebaki na wagonjwa wake. Basi ilikuwa Felicitas aende, na wote wawili walilijua hilo kabla ya kulisema. Jovitha alimvika mtoto gauni la kanisani, akamfunga kitambaa, akakifungua, akakifunga tena.

"Usiku anapenda kulala ameegemea. Akilala chali anakohoa."

"Nitamwegemeza."

"Ndizi hali zikiwa za moto."

"Nitazipoza."

"Wakikuuliza mama yake nani?"

"Nitawaambia ni Jovitha wa Ijumbi."

"Akizoea akakuita mama?"

Felicitas aliusikia katika sauti ile mwiba aliokuwa ameukalia yeye wiki nzima, akauheshimu. "Nitamkumbusha. Kila akiita nitamkumbusha."

Kilima cha kwenda barabarani kilikuwa kikali. Immakulata alitembea kidogo, akasimama, akatazama mama yake mwenye mtoto mgongoni, kisha akatazama mgongo wa Felicitas uliokuwa mtupu. Hakuomba. Felicitas alichuchumaa, akambeba, na Jovitha akamfunga kanga vizuri asiteleze, akikaza fundo kwa mikono yake mwenyewe. Joto la mtoto lilipita kwenye nguo. Moyo wake ulipiga kwa haraka, ukiteleza mahali fulani, kama mtu anayekimbia na kiatu kilicholegea, na Felicitas alitembea polepole ili asiupoteze.

Omary aliliona kundi lao kwa mbali, akangoja na basi lake bila kupiga honi. Alishuka mwenyewe, akamwondoa kijana mmoja kwenye kiti cha mbele ili mtoto akae.

Jovitha alisimama chini ya dirisha. Alikuwa ameshika kidole cha Immakulata, kile kirefu, na hakukiachia hata injini ilipowaka. Kisha alikiachia, akakishika kiganja cha Felicitas badala yake.

"Akipona, uje," alisema. "Na asipopona, uje vilevile. Usije ukatuma mtu. Uje wewe mwenyewe."